Kabla Haijawa Pombe

Misitu ya miombo ya Tabora inatoa asali, na mashamba yake yanatoa mtama. Vyote viwili hugeuka pombe, ila haviwi pombe kwa kazi moja. Asali inakuja ikiwa tayari. Nyuki wamekwisha kufanya sehemu ngumu, na takriban asilimia 80 ya uzito wake ni sukari. Ichanganye na maji ya uvuguvugu, tia machicha kidogo ya pombe iliyopita, funika, na baada ya siku chache una wanzuki. Mtama hauna huruma hiyo. Loweka debe zima, tia hamira utakavyo, subiri hadi mwezi mwingine uandame: utakachofunua ni mtama uliooza. Punje imejaa wanga, na hamira haili wanga. Hamira inakula sukari.

Mpishi wa pombe ya mtama, basi, ana mzigo ambao mpishi wa wanzuki hana. Lazima kwanza aipate sukari kutoka kwenye nafaka isiyo na utamu, kwa maji na moto, bila kununua hata kijiko kimoja. Kuchacha ni kazi ya vijidudu, nao wataifanya hata mwenye chungu akiwa amelala. Kuutoa utamu kwenye punje ndiyo kazi ya mtu. Ufundi wa pombe ya nafaka uko hapo, kabla haijawa pombe, na Unyamwezi, nchi hii ya Tabora, ni mahali pazuri pa kuutazama.

Ulaya na Marekani, wanaopika bia nyumbani wengi hulijua jambo hili baadaye. Huanza na shira ya kimea. Kiwandani, shayiri imeoteshwa, imekaushwa, imesagwa na kulowekwa kwenye maji ya moto mpaka wanga ukawa sukari. Kisha maji yale matamu yakapunguzwa mpaka yakabaki shira nzito ya kutiwa koponi, au unga mkavu. Mpishi anafungua kopo, anakoroga, anachemsha na maua machungu ya hopsi, anapoza, anatia hamira. Bia inapatikana, na mara nyingi ni nzuri. Siku moja anatamani kuanza na nafaka yenyewe, na swali lake la kwanza ni la hesabu: kilo moja ya shira ni sawa na kilo ngapi za punje? Jibu lipo na nitalitoa. Lakini wanawake wa Unyamwezi hawakuhitaji kuliuliza, kwa kuwa hawakuwahi kuwa na shira. Walianza na punje.

Ushahidi wa zamani wa jambo hilo umeandikwa. Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Hanning Speke waliingia Kaze, makazi ya Waarabu wa Unyanyembe ambayo leo ni sehemu ya Tabora, tarehe 7 Novemba 1857. Katika kitabu chake cha 1860, Burton alieleza jinsi pombe ilivyopikwa kwenye njia ya misafara waliyopita. Nusu ya nafaka ilioteshwa na kutwangwa. Nusu ya pili ilifanywa unga, vikachanganywa, pengine na asali kidogo. Mchanganyiko ulichemshwa mara mbili tatu katika vyungu vikubwa, ukachujwa kwa mfuko wa kusukwa kwa aliyetaka pombe safi, na siku ya tatu ulikuwa mkali kama siki. Burton hakuwa mtu wa kuwapa wenyeji sifa, wala hakuuliza kwa nini mambo yalifanywa vile. Hata hivyo maelezo yake mafupi yana siri kubwa mbili za mpishi: nusu kwa nusu, na moto zaidi ya mara moja.

Njia yenyewe iliulazimisha ufundi huu uenee. Mpagazi wa Kinyamwezi alibeba mzigo wa kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32, kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo au kuelekea Ujiji. Pembe za ndovu zilisafiri, kaniki, merikani na ushanga vilisafiri, hata mtama ulisafiri. Pombe ya mtama haisafiri. Inaendelea kuchacha chomboni, na baada ya siku chache imekuwa siki. Msafara uliotaka kunywa ulikunywa palepale ilipopikwa, na kijiji kilichotaka kuuza kilihitaji mtu wake anayejua kupika. Ndiyo maana maarifa haya hayakukaa kwenye mji mmoja mkubwa, wala katika mikono ya ukoo mmoja. Yalitapakaa jikoni.

Kazi inaanza kwa kuchagua. Mtama wa kuotesha lazima uwe hai: wa mavuno ya karibuni, uliokwisha kupumzika ghalani, usiotobolewa na wadudu, na zaidi ya yote usiotiwa dawa. Mbegu ya dukani iliyopakwa dawa ni ya kupanda, si ya kunywa. Mtama unapepetwa, unaoshwa, unalowekwa usiku kucha au siku nzima, na maji yanabadilishwa kwa sababu punje inapumua na ikikosa hewa hufa. Kisha maji humwagwa, mtama ukatandazwa kivulini juu ya gunia, unene wa vidole vitatu vinne, ukafunikwa kwa gunia jingine lililoloa.

Siku ya pili vichomozo vyeupe vinaanza kuonekana. Pitisha mkono chini ya gunia na utakuta joto, joto la mtama wenyewe. Hapa ndipo mvivu anapoharibu. Kimea kisichogeuzwa hupata joto katikati, mizizi hushikana, na ukungu huingia kimyakimya. Mpishi anayejijua hukigeuza asubuhi na jioni, hukitenganisha kwa vidole bila kuvunja machipukizi, hukinyunyizia maji, hukinusa. Kimea kizima kina harufu ya tango lililokatwa. Kikianza kunuka vumbi la ghala lenye unyevu, hutupwa chote, wala kuku hawapewi.

Ndani ya punje kuna jambo la kustaajabisha. Wanga ni ghala ambalo mmea mchanga umewekewa na mama yake, na ghala hilo limefungwa. Ili kulifungua, chipukizi hutengeneza ufunguo wake, vitu ambavyo vitabu vyetu vya sayansi huviita vimeng'enya, vyenye uwezo wa kukata wanga kuwa sukari. Mpishi anauacha mmea utengeneze ufunguo, kisha anaunyang'anya kabla haujala akiba. Akiwahi, vimeng'enya havijatosha. Akichelewa, mmea umekwisha kula sukari aliyoihesabu kuwa yake. Hutazama urefu: chipukizi likiwa limepita urefu wa punje mara mbili au tatu, kwa kawaida siku ya tatu hadi ya tano kutegemea joto, kimea kinaanikwa.

Jua la kiangazi la Tabora ni chombo bora cha kukaushia. Viwanda vya shayiri hukausha kimea kwa hewa ya moto, na kadiri moto unavyozidi ndivyo rangi inavyoongezeka na vimeng'enya vinavyopungua. Jua halifiki joto la kuviua. Kimea kikikauka hata kinavunjika kwa jino, husuguliwa mikononi ili mizizi na machipukizi yapukutike, kisha hupepetwa kwa ungo. Hatua hii si urembo. Mtama mchanga una kemikali inayozaa sumu ya sianidi, ndiyo hiyo inayomfanya mfugaji awafukuze ng'ombe wake kwenye mtama uliochipua. Kukausha, kupukutisha na baadaye kupika ndiko kunakoipunguza hatari. Hakuna aliyehitaji maabara ili kuijua desturi, ingawa maabara imekuja kuthibitisha kwamba ilikuwa ya busara.

Kila mtama nao una tabia yake. Ule mwekundu wenye ukakasi, ambao kwelea kwelea hawaupendi, una taniini zinazovishika vimeng'enya na kuvizuia kufanya kazi. Kigezi, kusini magharibi mwa Uganda, wapishi hulitatua tatizo hilo kwa kuuloweka mtama kwenye maji ya majivu ya kuni kabla ya kuuotesha. Majivu yanapunguza ukakasi, na kimea kinapata nguvu. Mtu aliye mbali na vitabu, akipambana na punje yenyewe, hufika kwenye kemia ileile ya vitabuni.

Sasa tunafika kwenye sababu ya nusu kwa nusu. Wanga hauwezi kukatwa na vimeng'enya mpaka ulainike kwa maji ya moto. Wanga wa shayiri hulainika kwenye nyuzi joto 60 na kitu, na vimeng'enya vya shayiri bado viko hai katika joto hilo, kwa hiyo mpishi wa shayiri anaweza kufanya mambo yote mawili katika sufuria moja kwa wakati mmoja. Wanga wa mtama ni mkaidi. Unataka kati ya nyuzi 68 na 78, na huko juu vimeng'enya vinakufa haraka. Ukitaka kuulainisha wanga, unaua ufunguo. Ukiulinda ufunguo, wanga unabaki umefungwa. Mtu anayefuata kitabu cha bia ya shayiri neno kwa neno, akaweka mtama mahali pa shayiri, atapata maji ya vuguvugu yenye unga chini.

Mpishi wa Unyamwezi anaukwepa mtego huu kwa kugawa nafaka. Nusu isiyooteshwa anaipika uji mzito, anaichemsha hadi wanga wote umelainika. Halafu anasubiri. Uji unapopoa kiasi, ndipo anatia unga wa kimea ambao haujaonja moto mkali, na ufunguo mzima unakutana na ghala lililo tayari kufunguliwa.

Nimekaa jikoni kwa bibi mmoja pembeni mwa mji nikitazama kusubiri huko. Mjukuu wake alikuwa na kimea ndani ya bakuli, ana haraka.

“Bibi, nitie sasa?”

“Tulia, mwanangu. Bado unauma.”

Alichovya ncha ya kidole kwenye uji, akakiondoa upesi, akakifuta kwenye kanga. Baada ya muda akachovya tena. Safari hii kidole kilikaa nukta moja zaidi kabla ya kutoka. “Haya, nyunyiza. Usimwage.” Msichana akanyunyiza, bibi akakoroga. Kwa kitambo hakuna lililotokea. Mwiko ulikuwa umesimama wenyewe katikati ya chungu. Halafu ukaanza kuinama taratibu mpaka ukagusa ukingo. Uji uliokuwa unadondoka kwa mabonge ukawa unatiririka kutoka kwenye mwiko kama uzi, kisha kama maji mazito, na uso wake ukapata mng'ao. Hakuna maji yaliyoongezwa. Wanga ulikuwa unakatika. Aliponipa nionje kwenye kata, kitu kilichokuwa uji usio na ladha kilikuwa kitamu, utamu mpole wa nafaka, bila chembe ya sukari ya dukani.

Kidole kile ni kipimajoto. Joto ambalo kidole kinalivumilia kwa nukta moja tu bila kuungua liko karibu na lile ambalo vimeng'enya vinafanya kazi kwa bidii na bado vinaishi. Kinachonivutia zaidi kuliko usahihi wake ni kwamba bibi hakuhitaji kujua namba. Alijua dalili, na kila hatua ilikuwa na yake: harufu ya tango, kimea kinachovunjika kwa jino, mwiko unaoinama, ulimi.

Baada ya utamu unakuja uchachu, na huu nao hukusudiwa. Mchanganyiko huachwa usiku, na bakteria wa jamii moja na wale wanaogandisha mtindi huanza kuutia ukali. Hapa ndipo ilipo tofauti kubwa na bia ya chupa. Bia ya chupa hulindwa na hopsi, ua chungu la nchi za baridi. Pombe ya mtama hulindwa na uchachu wake, kwa sababu vijidudu vingi vya kuharibu haviwezi kuishi kwenye ukali huo. Mchanganyiko uliochachuka huchemshwa tena, ndiyo ile mara ya pili aliyoiona Burton. Ukipoa, hutiwa kimea kibichi mara ya mwisho. Kimea hiki kinafanya kazi mbili kwa mpigo: kinakata wanga uliosalia, na kinaleta hamira ya asili iliyokaa juu ya punje zake. Chungu kilichozoea pombe, au machicha ya juzi, husaidia. Kesho yake sauti ya povu inasikika ukisogeza sikio.

Halafu kuna kuchuja, ambako watu wengi hukuona kama kazi ya mwisho isiyo na akili. Punje ya shayiri ina ganda linalobaki baada ya kusagwa, na maganda hayo yakitulia chini ya pipa huwa chujio lenyewe. Maji matamu hupita katikati yake yakatoka safi. Mtama hauna ganda la namna hiyo. Machicha yake hushikana yakaziba kila tundu. Ndiyo maana hapa chujio lazima litoke nje ya nafaka: kifumbu au mfuko wa kusukwa, unaojazwa, ukakamuliwa kwa kupindwa. Kinachopita ni cheupe, kizito kiasi, kina wanga ulioelea ndani yake. Mnywaji anashiba na kulewa kwa kata moja. Uzito huo si uchafu uliomshinda mpishi. Ni chakula.

Nimeahidi hesabu, na anayetaka kuvuka kutoka shira hadi shayiri anaihitaji. Kilo moja ya shira nzito ya kimea ni sawa na kama kilo 1.33 za shayiri iliyooteshwa. Kilo moja ya unga mkavu wa kimea ni kama kilo 1.6. Maelekezo yanayotaka kilo 3 za shira kwa lita 20 za bia yatataka kilo 4 za nafaka. Hesabu hiyo inakadiria kwamba mpishi atatoa asilimia 75 ya sukari inayoweza kutoka. Akitoa asilimia 65 tu, jambo la kawaida kwa anayeanza, atahitaji karibu kilo 4.6. Nafaka za rangi na harufu zinabaki kama zilivyoandikwa. Kinachobadilika ni mahali pa shira.

Maji nayo yana hesabu yake, na Tabora inairahisisha. Mji uko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji yanachemka kwenye nyuzi 96 badala ya 100. Chukua lita 8 za maji yanayochemka, changanya na lita 4 za maji ya mtungini yenye nyuzi 24: unapata lita 12 za nyuzi 72. Mimina kilo 4 za kimea cha shayiri kilichosagwa, koroga hadi pasiwe na bonge, na joto litatulia karibu na nyuzi 66, palepale panapotakiwa. Funika kwa blanketi kwa saa nzima. Nafaka itabaki na kama lita 4. Isuuze kwa lita 15 nyingine za maji ya moto, yasiyozidi nyuzi 77 ili yasilete ukakasi wa maganda, nawe utakuwa na lita 23. Saa moja ya kuchemsha itakula lita 3. Zimebaki 20. Atakayetaka uhakika kwamba wanga umekwisha atatia tone la maji yale kwenye kisahani cheupe na tone la iodini juu yake. Likigeuka bluu nyeusi, wanga bado upo, funika tena.

Hesabu hizi ni sahihi, na mtu akizifuata atapata bia. Lakini angalia zinasema nini. Kila namba inajaribu kumpa msomaji kile ambacho kidole na ulimi vilimpa yule bibi. Kilo 1.33 si bei ya kubadilishia tu. Ile sehemu ya ziada ni kazi ambayo kiwanda kilikuwa kinamfanyia mpishi, na sasa ameirudisha jikoni kwake. Na hata hapo ameirudisha nusu, kwa sababu kuna mtu mwingine aliyemwoteshea shayiri.

Mijini mambo yanakwenda upande wa pili. Sukari ya dukani na hamira ya pakiti zinapunguza siku kadhaa, na mteja wa kilabuni anayetaka kulewa haraka halalamiki. Wahenga walimwona mgema akisifiwa akalitia tembo maji. Wa leo akisifiwa anatia sukari. Pombe ya namna hiyo ina nguvu, ila haina mwili, maana sukari tupu huliwa yote na hamira, haiachi kitu cha kutafuna. Viwanda vikubwa navyo vimepita njia yao. Nile Breweries ya Uganda ilianza mwanzoni mwa miaka ya 2000 kupika bia ya Eagle kwa mtama wa aina ya Epuripur uliotoka kituo cha utafiti cha Serere, na ule ukaidi wa wanga wa mtama ukashindwa kwa vimeng'enya vya kununua. Wakulima walipata soko, na hilo ni jambo jema. Ila kiwanda kimelipia kwa fedha ufunguo ambao jikoni hutengenezwa kwa siku nne za kugeuza gunia.

Anayetaka kujifunza ufundi huu asianze na pombe. Aanze na togwa, ambayo ni hatua zote hizi bila ulevi: aoteshe ulezi au mtama, aukaushe, ausage, apike uji, asubiri, anyunyize, akoroge, aonje. Watoto watamwambia ukweli bila aibu. Uji ukigoma kulegea, arudi kwenye kimea, kwa kuwa ama hakikuota vya kutosha, ama kilipata ukungu, ama alikitia uji ukiwa bado unaunguza. Arudie mpaka togwa iwe tamu pasipo sukari. Siku hiyo atakuwa amejua sehemu ngumu ya kupika pombe, hata kama hataipika kamwe.